Buti la laki tatu linalipa? Maswali na majibu

Mvua zimeanza. Meza yangu imejaa viatu vilivyoachia soli, na simu imejaa swali lile lile kwa sauti tofauti: nitoe laki tatu ninunue buti la ngozi la uhakika, au niendelee na haya ya elfu arobaini? Nimeshona viatu hapa Moshi miaka 27, na kabla ya hapo nilikuwa nikimshikia marehemu baba nyundo na gundi. Ninajibu kwa ninayoyaona mezani.

Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, natembea kilomita nne kwenda shule na nne kurudi, njia ya udongo mtupu. Kila mwaka namaliza jozi mbili za elfu 45. Mume wangu anasema buti la 300,000 ni anasa. Nani yuko sahihi? (Mwalimu, Rombo)

Marahaba mwalimu. Kaa na baba watoto mpige hesabu pamoja. Jozi mbili kwa mwaka ni 90,000. Miaka mitano ni 450,000, na mwisho wa miaka hiyo huna kiatu. Sasa chukua buti la 300,000 lililoshonwa vizuri. Tuseme utalibadilishia soli mara mbili, 40,000 kila mara. Jumla ni 380,000, na mwaka wa sita bado unalo mguuni.

Tofauti ni 70,000 kwa miaka mitano. Sitakudanganya kwamba utajenga nyumba kwa hela hiyo. Faida ninayoiona zaidi ni ya mguu wenyewe. Kiatu cha bei ndogo hakifi siku moja. Kinaanza kuingiza maji, unasema nitavumilia hadi mshahara, na wiki tatu zinapita unafundisha na soksi mbichi. Nimeona vidole vilivyoliwa na fangasi kwa sababu hiyo tu.

Linaloniuma ni kwamba asiye na laki tatu kwa mkupuo mmoja ndiye anayelipa nyingi kuliko mwenye nazo, kwa sababu analipa kidogo kidogo bila kufika mwisho. Kama mna kikoba hapo shuleni, au hata mchezo wa kupeana, 25,000 kwa mwezi ni mwaka mmoja tu. Na usinunue kabla hujasoma jibu linalofuata, maana hesabu yote hii inasimama juu ya neno moja: lililoshonwa.

Fundi, muuzaji ananiambia mabuti yake yote yameshonwa, na kweli uzi nauona pembeni. Nitajuaje kama ananiambia ukweli? (Msomaji, Dar es Salaam)

Kiatu hukaa na soli yake kwa njia tatu kubwa. Ya kwanza ni gundi peke yake: ngozi inavutwa chini ya kalibu, lile umbo la mguu fundi analolisukia kiatu, inapakwa gundi, soli inabandikwa. Ndivyo vilivyo viatu vingi madukani, na gundi nzuri si dhambi, ila ikichoka imechoka. Ya pili, uzi unatoka ndani ya kiatu moja kwa moja hadi chini ya soli. Inua kile kitambaa cha ndani unachokanyaga, utaupapasa kwa kidole. Ni imara, lakini kila tundu la sindano ni mlango wa maji.

Ya tatu ndiyo ninayoisifu. Ukanda mwembamba unashonwa kuzunguka kiatu chote, kisha soli inashonwa kwenye ukanda ule badala ya kushonwa kwenye kiatu chenyewe. Ukanda huo huitwa welti. Zamani kazi yote ilikuwa ya mkono. Mashine yake ilikamilika Marekani miaka ya 1870 kwa jina la Charles Goodyear Jr., mtoto wa yule Goodyear aliyegundua namna ya kuimarisha mpira kwa joto na salfa. Uzuri wake nauona siku ya matengenezo: soli ikiisha nakata uzi wa nje tu, naitoa, naweka nyingine. Kiatu chenyewe sijakigusa, kwa hiyo naweza kurudia tena na tena.

Udanganyifu upo hapa. Kuna soli zinazokuja na ukanda wa plastiki wenye uzi wa urembo juu, halafu zote zinabandikwa kwa gundi. Mnunuzi anaona uzi, anatoa hela. Basi geuza buti. Uzi ulioko juu unatakiwa uonekane na chini, ndani ya mfereji mdogo unaozunguka ukingo wa soli. Kwenye soli ya ngozi mshono wa chini wakati mwingine hufunikwa kwa ustadi, lakini kwenye soli ya mpira mara nyingi hauna pa kujificha. Kisha gusa uzi wa juu kwa ukucha. Uzi wa kweli umezama kwenye tundu lake, na ukiuchokoa unausikia unakaza. Wa urembo mara nyingi umemezwa na plastiki, hautikisiki. Kama muuzaji anakataza kugeuza kiatu chake, rudisha hela mfukoni.

Fundi mambo. Mimi ni mgumu, nabeba mizigo mlimani. Pale soko la mitumba la Memorial nimeona buti la ngozi la Ulaya, soli haijalika kabisa, inaonekana mtu hakulivaa. Wanataka 70,000. Nichukue? (Moshi)

Poa mdogo wangu. Usilipe kabla hujalibonyeza.

Mabuti mengi ya kupanda mlima yana tabaka la povu kati ya ngozi na ile soli yenye meno. Ni poliyurethani. Povu hilo huliwa na unyevu wa hewani taratibu hata buti likiwa limelala kabatini, na likikaa miaka bila kuvaliwa huharibika zaidi kuliko likitembezwa. Kwa hiyo lile unalolionea fahari kwamba halijavaliwa ndilo la kuogopa.

Msimu uliopita alikuja kijana ametoka njia ya Machame, soli ya kulia ameifunga kwa kamba ya hema, mizunguko minne. Buti zuri, ngozi nene ya kahawia isiyo na hata mkwaruzo. Alilinunua wiki ile ile. Siku ya kwanza msituni lilikaa vizuri. Siku ya pili, akielekea Shira, likaanza kudondosha vipande. Kufika Barafu alikuwa anatembea juu ya ngozi na matope, kilo 20 kichwani. Nilipoingiza kidole kati ya ngozi na soli, povu lilitoka kama ugali wa jana uliokauka, la manjano, linanata kidogo. Mguu wa kushoto ulikuwa bado mzima kwa macho. Nikaukunja mara moja tu mbele yake, ukapasuka katikati.

Wewe fanya hivyo hivyo sokoni. Kunja buti kwa mikono miwili, tazama pembeni kwenye lile tabaka kama linatoa nyufa ndogo. Bonyeza kwa kucha ya dole gumba. Likirudi kama lilivyokuwa, sawa. Kucha ikiacha alama, au ukisikia linanata, au unga ukimwagika, mwambie muuzaji unanunua ngozi tu, soli hakuna, na bei ishuke kwa gharama ya soli mpya. Ngozi nzuri juu ya soli iliyokufa bado ni mali. Lile la kijana nililisugua hadi kwenye ngozi, nikachonga soli ya mpira mgumu, nikashona pembeni kwa mkono kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta. Ameshapanda nalo tena.

Jambo moja zaidi, maana kwenye kushuka ndiko wengi mnakopoteza kucha. Jaribu buti jioni, mguu ukiwa umevimba, na soksi nene utakayoivaa. Sukuma mguu mbele kabisa. Kidole chako cha shahada kiingie nyuma ya kisigino.

Kuna njia ya kujua ngozi halisi bila kuichoma kwa kiberiti? (Msomaji, Nairobi)

Ipo, na tafadhali usichome viatu vya watu. Tafuta mahali ngozi ilipokatwa, kama ukingo wa ulimi wa kiatu. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi zilizosokotana. Ngozi bandia, ile wengi tunayoiita reksini, inaonyesha kitambaa chini na utando wa plastiki juu. Ipo pia ya katikati inayowachanganya watu: ngozi kweli, lakini ya tabaka la ndani, iliyopakwa rangi nzito ili ionekane laini. Hiyo ukiikunja inaweka mistari ya rangi kupasuka, na kwa buti la kazi haifai hata kidogo. Tabaka la juu kabisa la ngozi, lile lililokuwa na manyoya, ndilo lenye nyuzi zilizobanana zaidi. Likikunjwa linaweka mikunjo midogo kama ya mkono wa mtu, likiachiwa inarudi. Neno "ngozi halisi" lililogongwa kwenye soli halikuambii ni tabaka lipi.

Mimi ni saidia fundi kwenye jengo, Dodoma. Msimamizi anasema kila mtu ajinunulie buti lenye chuma mbele. Ninunue la 180,000 au la 60,000?

Mdogo wangu, kabla ya ngozi tuanze na haki yako. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri akupe vifaa vya kujikinga, na buti la kazini ni mojawapo. Ulizana na wenzako, mwende pamoja kwa msimamizi, asiende mmoja akaonekana mkorofi. OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, wana ofisi za kanda, nao ndio wa kuuliza.

Ukilazimika kununua leo kwa sababu zege linamwagwa kesho, nunua la katikati. Mengi ya mabuti hayo soli yake humiminwa ikiwa moto ikashikana na ngozi, hata lile la bei, na ikichoka si rahisi kulibadilishia. Saruji nayo hula ngozi haraka. Lioshe kila jioni kwa kitambaa chenye maji, saruji isilale juu yake.

Mwanangu wa miaka tisa anataka buti la ngozi la bei. (Mama, Arusha)

Hapana, mama. Mguu utalikimbia kabla mwaka haujaisha. Mnunulie la kawaida linalomtosha sawasawa, na hela iliyobaki mwekee.

Shikamoo fundi. Huku Njombe ni baridi na mvua. Nikirudi shambani buti limelowa, naliweka karibu na jiko la mkaa, asubuhi limekauka lakini limekuwa gumu kama ubao. Lilinigharimu 280,000.

Marahaba mwanangu. Liondoe hapo leo hii.

Huko kwenu mnaifahamu miti ya miwati. Magamba yake ndiyo hutoa dawa ya kusindika ngozi, na kampuni ya TANWAT iko hapo Njombe na kazi ya miwati tangu 1949. Dawa ile hushikana na nyuzi za ngozi zisioze, lakini haiziokoi na moto. Ngozi iliyolowa ikipigwa na joto kali hujikunyata na kuwa ngumu, na hapo inaanza kukatika pale vidole vinapokunja. Hapo hakuna fundi wa kuirudisha ilivyokuwa. Nimeletewa mabuti ya gharama yenye ufa wa namna hiyo, soli bado nzima, na nimeyarudisha kwa mwenyewe kwa uchungu.

Fanya hivi. Ondoa tope kwa kitambaa kibichi. Toa kamba, vuta ulimi mbele, jaza magazeti ndani. Baada ya saa mbili yatoe yakiwa yamelowa, weka mengine. Liache kivulini penye hewa siku nzima, hata mbili. Likibakiza unyevu kidogo tu, paka nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta kidogo ya ngozi, kwa vidole, hasa kwenye mikunjo na kwenye mshono. Usipake mafuta ya kupikia, yanachacha. Kiwi ni nzuri lakini kazi yake ni kung'arisha, hailishi ngozi. Na ukiweza, uwe na jozi ya pili hata ya gambuti, buti la ngozi lipumzike siku moja kati ya mbili. Kwa tope la shamba, kwa kweli, gambuti lingekutosha.

Fundi, nipo Toronto, mwaka wa pili. Buti langu la ngozi limetoka mistari myeupe kila mahali. Ni ukungu?

Ni chumvi, ile wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu. Inafyonza unyevu wa ngozi na kuikausha. Changanya siki kidogo kwenye maji, futa kwa kitambaa siku ile ile, acha likauke mbali na hita, kisha paka mafuta. Soli ya ngozi huko itakuangusha. Omba wakubandikie mpira laini wenye meno. Na zile wiki za barafu iliyoyeyuka kuwa uji, vaa buti lenye sehemu ya chini ya mpira, la ngozi libaki nyumbani.

Nimeshawishika, fundi, ila hapa kwetu Pangani sijaona fundi anayeshona soli kwa uzi. Wote ni gundi na misumari. Bado ninunue la laki tatu?

Hapana, usinunue bado. Buti la kushonwa bila mtu wa kulishona ni buti la gundi lililopandishwa bei. Kwa joto na unyevu wa pwani ngozi nene itakuotea ukungu pia, ukiliacha kabatini wiki mbili tu.

Nunua la 80,000 lenye ngozi nzuri, au kama kazi yako inaruhusu, katambuga ya tairi, ambayo itazidi umri wa mabuti mengi ninayoyajua kwa bei ya chakula cha siku chache. Lakini kwanza zunguka Tanga mjini, uliza wazee wanaoshona mikoba na viatu vya ngozi kwa sindano ya mkono yenye ndoano. Nenda na kiatu chako cha zamani, mwombe akushonee soli ya mguu mmoja tu. Ulipe, ukitembelee mwezi mzima, kisha ukigeuze uone uzi umekaaje.