Usiguse hizo picha mkuu, tatizo liko kwenye printa

Simama hapo hapo, mkuu. Usihifadhi chochote.

Sentensi ya mwisho ya swali lako ndiyo imenikurupusha: eti picha za harusi zinatoka na wekundu wa kuelekea zambarau, kwa hiyo utaziongezea zote kijani kidogo, uhifadhi, uprinti upya. Karatasi ya kung'aa au isiyong'aa, DPI ngapi (nukta kwa inchi), Adobe RGB au sRGB (mifumo miwili ya rangi za picha), hayo maswali yako mengine yote yasubiri. Umesema mwenyewe kwamba kwenye skrini ngozi za watu ziko sawa, na kwamba kwenye Photoshop umeshachagua profaili ya karatasi unayotumia, yaani faili linaloeleza rangi zinavyotoka kwenye karatasi na wino huo. Basi kuna uwezekano mkubwa draiva ya printa, ile programu ndogo inayoiendesha printa, nayo imeachwa inasimamia rangi, na wewe huna habari.

Kinachotokea ni hiki. Photoshop inachukua namba za rangi kwenye picha yako na kuzigeuza ziendane na wino na karatasi, kwa kufuata ile profaili. Kazi imeisha hapo. Sasa draiva inazipokea zikiwa zimeshageuzwa, inadhani ni za kawaida, inazigeuza tena. Ni mkalimani wa pili anayetafsiri tafsiri. Mara nyingi unachopata ndiyo huo wekundu-zambarau, na wakati mwingine vivuli vinajaa wino mpaka nywele zinakuwa doa moja jeusi. Hebu angalia nywele za bibi harusi kwenye chapa yako, yaani picha uliyoprinti, uniambie kama unaona hata msuko mmoja.

Mimi nilimpelekea fundi chapa za namna hiyo hiyo, fundi mwenye printa kubwa na maneno makubwa zaidi. Hakuuliza draiva imewekwaje. Hakuuliza chochote! Akanyoosha kidole kwenye picha akasema, "Ongeza kijani, punguza wekundu, maliza." Nikamwambia kwenye skrini sasa naona watu wamekijanika. Akajibu kwa kujiamini kabisa: "Skrini ni mwongo, amini karatasi." Na kweli, karatasi ikatoka vizuri, ndiyo maana nilimwamini. Albamu nzima ikapitishwa humo, nikahifadhi juu ya JPEG zile zile. RAW, zile faili ghafi za kamera, nilikuwa nimeshazifuta ili diski ipumue. Ndiyo, najua, mmeshaanza kucheka.

Kisha mteja akaomba na nakala za simu. Bwana harusi kijani, bibi harusi kijani, shela kijani, mchungaji kijani. Akaniuliza kama nilipiga harusi au mkutano wa watunza mazingira. Nikajitetea kwamba ni ubunifu. Hakucheka hata kidogo, na pesa nikarudisha. Fundi nilipomfuata akaniambia nibadilishe wino!

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwa kitufe kimoja. Photoshop yenyewe inakukumbusha kwa maandishi pale kwenye dirisha la kuprinti, kwamba uzime usimamizi wa rangi wa printa. Nani anasoma pale? Hakuna. Tunasikiliza mafundi.

Kwa hiyo kabla hujagusa picha hata moja, fanya hivi. Fungua faili jipya tupu la RGB, chora miraba ya kijivu, kila mmoja ukiwa na namba tatu zilizo sawa: 64-64-64, halafu 128-128-128, halafu 192-192-192. Hakuna ngozi hapo, hakuna shela, hakuna kamera ya kulaumu. Iprinti kwa mipangilio ile ile uliyotumia kwenye harusi, iache ikauke, kisha itazame kwenye mwanga wa mchana, si chini ya taa ya manjano. Kijivu kikitoka kina pinki, basi picha zako hazina kosa lolote, kosa liko njiani kati ya programu na karatasi. Nenda kwenye mipangilio ya draiva, tafuta kipengele cha kurekebisha rangi, kizime kabisa, na hakikisha aina ya karatasi uliyochagua pale ndiyo ile ambayo profaili imetengenezewa. Printi kijivu tena. Ukipenda kufanya kinyume, mwachie printa kazi yote na Photoshop ikae kimya, hiyo pia sawa. Ila asimamie mmoja. Wawili hapana.

Hiyo ndiyo sheria pekee ninayoishika kwa meno: printa ikikosea, picha haiguswi. Ukiitibu picha kwa ugonjwa wa printa, siku ukibadilisha karatasi, ukipeleka maabara nyingine ya kuprinti, au ukimtumia mteja faili, ugonjwa unakuwa wako.

Na kama baada ya hapo rangi ni safi lakini chapa ni giza, bado usiguse picha! Skrini yako inawaka sana. Wengi tunafanyia kazi skrini ikiwa imewashwa mpaka mwisho kama ilivyotoka dukani, wakati kwa kazi ya kuprinti hushushwa hadi kama kandela 80 hadi 120 kwa mita ya mraba (kipimo cha mwangaza wa skrini). Azima kifaa cha kupimia rangi, pima, ndipo uhukumu.

Adobe RGB au sRGB? Ukipeleka maabara na hawajasema wanataka nini, peleka sRGB na profaili iwe ndani ya faili. Kugeuza kutoka moja kwenda nyingine tumia amri ya kubadilisha, usitumie ile ya kubandika profaili juu, maana ile inabadilisha jina tu, namba zinabaki zile zile na rangi zinayumba. Na yeyote atakayekuja hapa chini kukwambia ugeuze kwanza kwenye CMYK, mfumo wa rangi nne za wino wa viwanda vya uchapaji, kwa printa ya picha ya nyumbani, mpite. Draiva hizo kwa kawaida zinasubiri RGB.

Piga picha ya skrini ya dirisha la kuprinti na ya mipangilio ya draiva, weka zote mbili hapa. Na niambie RAW zako bado unazo.