Jinja si mahali pa kupanda boti tu

Wiki hii mmeuliza mji gani mdogo kando ya mto una historia kubwa ambayo watu wanaipita tu. Mimi nasema Jinja, Uganda, na naongea kama mtoto wa Walukuba, mtaa wa wafanyakazi hapa Jinja. Mgeni akija hapa anapelekwa moja kwa moja kwenye boti, anapiga picha pale mto Nile unapotoka ziwani, anaambiwa Mwingereza mpelelezi Speke alifika 1862, anaonyeshwa sanamu ya Gandhi kwa sababu majivu yake mengine yalimwagwa pale 1948, halafu huyoo Kampala. Na Basoga walikuwa wanauita mto huu Kiyira tangu enzi na enzi kabla Speke hajazaliwa!

Kilichofanya Jinja iwe Jinja ni umeme. Bwawa la Owen Falls, siku hizi Nalubaale, lilifunguliwa na Malkia Elizabeth 1954, likiwa limepangiwa megawati 150, na viwanda vikafuata: vya nguo, cha kuyeyusha shaba ya mgodi wa Kilembe, na sukari ya Kakira ilikuwepo jirani tayari. Basi watu wakamiminika kutafuta kazi, Waluo na Waluhya kutoka Kenya, Wateso, Wasamia, wengi wakapewa vinyumba vya Walukuba vimepangwa mistari mistari, jirani hamjui jirani anaongea nini, wakakutana kwenye Kiswahili, ndo maana hadi leo ukishuka mwaloni Masese asubuhi ambapo kina mama wanaanika mukene (dagaa wetu hao) utasikia bei inapigwa Kiswahili, Kisoga na Kiganda kwa pumzi moja na hakuna anayeshangaa.

Ila umeme huo ulikula maporomoko ya Ripon, yalizama maji yalipopanda. Maporomoko ya Bujagali nayo yakafuata, kwa bwawa la 2012. Sipingi umeme, sisi nyumbani tumesomeshwa na mshahara wa kiwanda, lakini naumia watoto wetu wanaonyeshwa maji yametulia na kuambiwa hapo palikuwa na maporomoko.

Halafu 1972, Amin akawapa Wahindi siku 90 waondoke nchini. Nenda Main Street uinue macho juu ya mabango ya laini za simu: kwenye plasta bado kuna majina ya wenye maduka na miaka waliyojenga, herufi zimechongwa vizuri kabisa, na chini yake kijana anageuza chapati na mayai. Biashara zikagawiwa watu, vipuri vikakosekana, mashine zikanyamaza, watu wa Walukuba wakakaa bila mshahara. Wapo wanaosema mji ulikufa hapo. Mi sikubali, waliobaki waliuza samaki, wakaendesha baiskeli na baadaye bodaboda, wakalea watoto, wengine wa familia ya Madhvani, Wahindi wenye kiwanda cha sukari cha Kakira, wakarudi miaka ya 80 na Kakira ikafufuka.

Sasa tuna daraja jipya tangu 2018, malori ya Mombasa hayalazimiki tena kupita juu ya bwawa, na tangu Julai 2020 sisi ni jiji. Sawa, tunashukuru. Ila hilo jiji lianze na majengo ya Main Street, liyaorodheshe na kuyalinda kabla hayajabomolewa kupisha maghorofa ya vioo, na Walukuba iwekwe kwenye ramani ya watalii, waje waulize wazee, bado wapo.