Jibu: Tunajuaje kuwa kundi la nyota ni kongwe?

Mkuu, lile ulilodhani ni kiwingu ukiwa Hombolo, ukauliza tunajuaje ni la kale, ni Omega Centauri, kundi la nyota. Zinazotuambia umri wake ni nyota za aina ya RR Lyrae zilizomo ndani yake: zinavimba na kusinyaa, aghalabu mwanga unapanda ghafla kisha unafifia taratibu, yote chini ya siku moja. Nyota za aina hii zina zaidi ya miaka bilioni 10. Utamu uko hapa: mwangaza wao halisi unakaribiana, kama balbu za wati zilezile, hivyo uhafifu wa nyota hizo machoni petu unatupa umbali wa kundi, takriban miaka ya nuru 17,000. Mwezi Mei, saa tatu usiku, tazama kusini. Darubini ya mkononi italionyesha kundi, ila nyota zenyewe sahau.