Je, Jenerali von Lettow-Vorbeck hakushindwa vitani?

Swali: Mwenzangu anadai kwamba Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hakushindwa hata mara moja. Je, ni kweli?

Jibu: Ndugu msomaji, ni kweli kwa kipimo kimoja tu, kwamba jeshi lake halikuvunjwa vitani. Tanga, mwanzoni mwa Novemba 1914, aliwarudisha baharini wanajeshi wapatao 8,000 waliotoka India, yeye akiwa na kama elfu moja. Na habari za kusitishwa kwa vita zilipomfikia kando ya mto Chambeshi, katika Zambia ya leo, katikati ya Novemba 1918, alikuwa bado anasonga mbele. Tarehe 25 alisalimisha silaha Abercorn, yaani Mbala, akiwa na Wazungu 155 na askari Waafrika zaidi ya 1,100.

Lakini kutokamatwa si kushinda. Mahiwa, Oktoba 1917, Waingereza walipoteza watu wengi kuliko yeye, ila wao walikuwa na wa kujazia pengo, naye hakuwa nao. Mwezi uliofuata aliacha nyuma mamia ya wagonjwa na majeruhi, akavuka Ruvuma na kuingia kwa Wareno, yaani Msumbiji, ambako bunduki na risasi alizoziteka Ngomano ndizo zilizomwezesha kuendelea. Koloni alilotumwa kulilinda likawa limekwenda.

Sifa zake zilikuzwa Berlin, alikopokewa kama mshindi Machi 1919 na taifa lililoshindwa kwingine kote. Waliotaka kurudishiwa makoloni wakaishika sana hadithi ya askari Mwafrika mwaminifu, wakati askari wengi walikuwa wametoroka. Wapagazi hawakutajwa, ingawa jeshi hilo lilitembea kwa vichwa na mabega yao, tena wengi kwa kushurutishwa. (Waingereza nao walifanya hivyo hivyo, jina la Kariakoo limetokana na kikosi chao cha wapagazi.) Ugogo, nafaka na ng'ombe vilichukuliwa na majeshi ya pande zote mbili, na mvua ilipokosekana ikaingia njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya.

Mwaka 1920 aliunga mkono jaribio la mwanasiasa Kapp la kuipindua serikali ya Ujerumani, akaondolewa jeshini. Hata hivyo, baada ya vita vya pili kambi kadhaa za jeshi la Ujerumani Magharibi zilipewa jina lake, na ni miongo mingi baadaye, utumishi wake mwaka 1904 chini ya Jenerali von Trotha, aliyeamuru Waherero wa Namibia ya leo waangamizwe, ulipoanza kuhojiwa, ndipo jina hilo lilipoondolewa, mojawapo ikiwa kambi ya Leer.