Sindano siioni, na mama anasema macho yake yamerudi

SWALI: Assalaam alaykum daktari. Niko Lamu, nina miaka 49, nashona kofia za mkono tangu usichana wangu. Mwaka huu kutunga uzi kwenye sindano imekuwa kazi, nikanunua miwani ya dukani plasi mbili na nusu. Sindano naiona, lakini nikiinua kichwa kila kitu ukungu na jioni kichwa kinauma. Majirani wananambia niivue, ati macho yatazoea yawe mavivu. Mamangu ana 74, zamani hasomi msahafu bila miwani, sasa anasoma bila miwani na anasema macho yamerudi. Na mwanangu wa gredi ya 6 anabana macho akiangalia ubao. Nyumba moja, shida tatu! Inakuwaje, na mimi nifanyeje nisiache kazi?

JIBU: Waalaykum salaam dadangu. Kwanza mimi si daktari wa upasuaji, kazi yangu ni kupima macho na kuandika namba za miwani, kwa hivo yale ya kupasua nitayagusa tu. Lakini swali lako nimelipenda manake umeleta umri tatu kwa pamoja, na kwa macho kila umri una mambo yake.

Nianze na wewe. Ndani ya jicho, nyuma ya mboni, kuna lenzi ambayo inajikunja ili uone karibu na kulegea ili uone mbali. Utotoni ni laini kama nyama ya dafu, ikifika arubaini na kitu inaanza kukomaa kama nazi, inakazana, misuli inavuta lakini lenzi haijikunji tena kama zamani. Hilo linampata kila mtu, awe amesoma sana au hajasoma, awe mvuvi au karani. Wala si ugonjwa, na kofia hazijakuharibu macho.

Sasa hesabu, manake hapa ndipo watu wanapouziwa miwani ya kubahatisha. Chukua futi ya fundi, kaa unavyokaa ukishona, mtu akupimie kutoka jichoni hadi kwenye sindano. Tuseme ni sentimita 30. Gawa 100 kwa 30, unapata 3.3, hiyo ndiyo nguvu jicho linahitaji kuona pale. Mtu wa miaka 49 kwa wastani amebakiwa na nguvu kama 3.8, kwa hivo ungesema inatosha, lakini jicho halivumilii kutumia zaidi ya nusu ya nguvu yake kwa masaa, ndio maana asubuhi unaona na alasiri huoni. Nusu ya 3.8 ni 1.9, kutoa kwenye 3.3 inabaki 1.4. Yaani wewe kama mbali unaona vizuri, pengine unataka plasi moja na nusu tu, na umevaa mbili na nusu! Ukiwa na mbili na nusu, kitu chochote kilichopita sentimita 40 kinaanza ukungu, ndio ile ukiinua kichwa huoni aliyeingia mlangoni. Ukiwa na moja na nusu unaona mpaka kama sentimita 67, kofia na kikapu cha nyuzi vyote vimo.

Kuumwa kichwa kuna sababu ya pili pia. Miwani ya dukani inatengenezwa jicho la kulia na la kushoto sawa, na katikati ya lenzi imewekwa kwa kukisia, hawajui mboni zako zimeachana kiasi gani, basi macho yanavutana siku nzima. Siikatai kabisa, kwa kusoma ujumbe wa simu dakika mbili sawa, lakini kwa kazi ya kutwa pimwa.

La majirani nalijibu kwa ufupi, si kweli. Lenzi inakazana ukivaa usivae. Baada ya miaka miwili mitatu namba itapanda, watasema si tulikwambia, lakini kilichopandisha ni umri. Hasara ni kukaa bila miwani. Kule Assam, India, walijaribu kwa wachuma chai wa miaka 40 kwenda juu, matokeo yakatoka 2018: waliopewa miwani ya karibu uchumaji wao uliongezeka kama asilimia 22 zaidi ya wenzao waliokuwa hawajapewa, na kwa waliopita 50 tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Majani ya chai ni makubwa kuliko kishimo cha kofia dada, wewe faida yako nadhani unaiona mwenyewe.

Na hao wa mitandaoni wanaouza mazoezi ya macho, au wanaosema tia asali na limau, tafadhali usithubutu. Hakuna zoezi la kulainisha lenzi iliyokomaa, na limau kwenye jicho ni kujiunguza.

Miwani peke yake pia haitoshi, badilisha na unavyofanya kazi. Unashona uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe, hakuna kazi mbaya kwa jicho kama hiyo, kwa hivo wakati wa kutunga uzi weka kitambaa cheusi mapajani, sindano na uzi vionekane mbele ya cheusi, au nunua kile kidude cha waya cha kutungia. Kaa uani au dirishani, mwanga utokee nyuma ya bega la kushoto kama unashona kwa mkono wa kulia. Mwanga mkali unabana mboni, na mboni ikibana picha inatulia hata kama namba haijakaa sawasawa. Zile nyumba zetu za mawe, vyumba vya ndani giza, usishone humo. Vishimo vidogo maliza kabla ya adhuhuri, jioni fanya kazi isiyotaka macho makali.

Kitu kimoja kabla hujatoa hela ya miwani, pima sukari. Sukari ikipanda lenzi inavimba na namba inabadilika wiki hadi wiki, ukitengenezewa miwani leo mwezi ujao haikufai. Ukiona namba inayumbayumba hivo usilaumu fundi wa miwani, nenda maabara.

Tuje kwa mama, na hapa ndipo nimeshtuka. Macho hayajarudi dada. Mtu wa miaka 74 akianza ghafla kusoma bila miwani mara nyingi ni mtoto wa jicho ule unaokaa katikati ya lenzi. Lenzi inazidi kukazana na kuwa na rangi ya manjano, inapinda mwanga kwa nguvu zaidi, basi mtu anakuwa wa kuona karibu na kupoteza mbali. Mpime hivi: akiwa barazani anamtambua anayekuja mwisho wa kichochoro? Taa ya usiku inamtawanyikia? Uzi wa buluu na mweusi anautofautisha? Kama majibu si mazuri basi ndio huo, na raha ya kusoma itadumu kwa muda tu halafu na karibu nako kutaingia ukungu. Vichochoro vya Lamu, punda, ngazi zisizo na kishikio, sitaki mama aanguke avunjike nyonga.

Hakuna dawa ya kutia ya kuuondoa. Ni upasuaji, lenzi ile inatolewa inawekwa ya plastiki, ganzi ya jicho tu, na mara nyingi mtu analala kwake siku hiyo hiyo. Wazee wanaogopa kitu kigeni jichoni. Mwambie aliyeanza kuweka lenzi hizo, daktari Harold Ridley kule London mwaka 1949, alipata wazo kutoka kwa marubani wa vita walioingiwa na vipande vya plastiki vya kioo cha ndege, akaona jicho halivikatai. Baada ya upasuaji huenda akahitaji tena miwani ya msahafu, mwambieni mapema asije akadhani wamemharibu.

Mtoto ni kinyume chako, jicho lenyewe linarefuka kwenda nyuma anavyokua, mbali kunapotea. Akipimwa apewe namba kamili, ile ya kupunguzapunguza ati asizoee haisaidii. Na atoke nje mchana. Guangzhou, China, waliongeza dakika 40 za nje shuleni kila siku, na baada ya miaka mitatu watoto walioanza kupoteza mbali walikuwa wachache kuliko shule nyingine. Kwake tayari imeanza lakini wadogo zake bado.

Jicho likiuma na kuwa jekundu, ukaona cheche au kama pazia linashuka, hapo usingoje mtu yeyote, nenda siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa umepita 40 waambie wakupime presha ya macho, ile haina dalili mpaka imeshakula sehemu ya kuona kwako.

Nendeni wote watatu safari moja, ulizieni kitengo cha macho hospitali ya kaunti kwanza, wakiwapa rufaa ya Malindi au Mombasa mtajua. Wewe beba kofia unayoshona na sindano, na kile kipimo cha futi kiandike. Mama atatiwa dawa ya kupanua mboni na ataona ukungu masaa kadhaa, kwa hivo kama mnarudi kutoka Malindi au Mombasa awe na mtu wa kumshika kwenye gati la Mokowe, upande wa bara, wakati wa kupanda boti.