Maswali yenu: ziwa la chaki, hesabu za makofi na mama anayetaka Mozart

Wiki iliyopita niligusia kidogo tu kwamba sanaa shuleni sio lazima ikae kwenye kipindi chake peke yake, unaweza ukaitumia kufundishia hesabu, sayansi, hata historia, basi toka siku hiyo simu haijapumzika. Nimechukua maswali sita, wengine mnisamehe. Na mjue kabisa mimi ni mwalimu wa kawaida tu wa hapa Kigoma, sio mtaalamu wa mitaala.

Mwalimu, darasa langu la tano lina watoto 118, hamna manila, hamna rangi, hamna hata gundi. Hiyo sanaa naifanyaje? (Mwalimu, Kasulu)

Pole na msongamano, nakuelewa. Ila sanaa sio manila. Chaki unayo? Uwanja unao? Inatosha kuanzia.

Nilikuwa na kipindi cha skeli, watoto wanakariri 1:100,000 lakini ukiwauliza maana yake wanaangaliana. Nikawatoa nje kwenye korido ya sementi nikasema leo tunalichora Ziwa Tanganyika, sentimita moja ni kilomita moja. Ziwa lina urefu wa kama kilomita 670 kwahiyo tukahitaji mita sita na sentimita sabini, korido ikatosha kwa kubanabana. Nikawagawa, kundi moja mwambao wetu, lingine Kongo, lingine Burundi, lingine Zambia, na kila kundi lipime na kuchora kipande chake, ugomvi ukaanza hapo hapo maana watu wa Kongo na watu wa Burundi mistari yao haikukutana. Raha tupu, ikabidi wapime upya.

Sasa nikawauliza, hili ziwa letu ni la pili kwa kina duniani, linazidiwa na Baikal tu kule Urusi, kina chake ni kama mita 1,470. Tukilichora kwa ubavuni kwa skeli hii hii, kina kitafika wapi? Mmoja akaonyesha kiunoni. Mwingine gotini. Nikasema pigeni hesabu. Wakapiga, wakafuta, wakapiga tena, jibu likawa lile lile: sentimita moja na nusu. Mita karibu saba za urefu halafu kina cha upana wa kidole! Kuna binti akasema kwa sauti, "kumbe ziwa ni sinia." Huyo skeli imemwingia, sikuwa na haja ya kumpa zoezi lingine.

Wangu wanaimba tebo ya saba vizuri mno, lakini ukimuuliza mmoja saba mara nane anaanza kuimba toka mwanzo. Tatizo liko wapi? (Mwalimu, Kigoma mjini)

Hahaha, hao wako kila shule. Tatizo ni kwamba wimbo umebeba maneno tu, hesabu umeiacha njiani. Mtoto anaimba saba mara nane kama anavyoimba kiitikio cha bongofleva, hajui saba zimekusanywa mara ngapi. Mimi kipimo changu ni kimoja: ukiutoa huo wimbo somo likabaki vile vile, basi ulikuwa unaburudisha, na kuburudisha sio dhambi ila usiandike kwenye andalio la somo kwamba umefundisha.

Jaribu makofi. Darasa zima linahesabu moja, mbili, tatu kwa mwendo mmoja, kundi A wanapiga kofi kila tatu, kundi B wanapiga meza kila nne. Watoto wa huku wamekua wakisikia ngoma tatu nne zinapishana kwahiyo mkono unashika haraka kuliko unavyodhani. Watasikia wenyewe kishindo kinakutana kwenye 12, halafu 24, halafu 36. Hapo ndo uandike ubaoni KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, usianze nayo. Kisha wape sita na nane. Wengi watakwambia watakutana kwenye 48 maana wamezidisha, waache wapige, mikono itakutana 24 na darasa litashtuka. Sasa uliza kwanini. Hilo swali la kwanini ndo kipindi chenyewe, mengine yote yalikuwa kusafisha njia.

Shikamoo mwalimu. Nimesikia mtoto akisikiliza mziki wa Mozart anakuwa na akili darasani. Ni kweli? Nimpakulie kwenye simu? (Mama wa wawili, Mwanga)

Marahaba mama. Hiyo habari ya Mozart, yule mtunzi wa mziki wa zamani wa Ulaya, chanzo chake ni utafiti wa mwaka 1993 kule California, Marekani, na waliopimwa walikuwa wanafunzi 36 wa chuo, sio watoto. Walisikiliza dakika kumi, wakafanya vizuri kidogo kwenye maswali ya maumbo, na ile nguvu ikaisha ndani ya kama robo saa. Magazeti ndo yakaikuza mpaka ikawa akili. Ukimpakulia sio mbaya, mziki mzuri ule, ila usitegemee ripoti ya shule ibadilike.

Na nikwambie ukweli mwingine ambao sisi tunaopenda sanaa hatuupendi: watafiti Ellen Winner na Lois Hetland wa chuo kikuu cha Harvard, Marekani, walizikusanya tafiti nyingi za namna hii, wakatoa majibu mwaka 2000, hawakukuta ushahidi wa kutosha kwamba kusoma sanaa peke yake kunapandisha maksi za masomo mengine. Walichokuta kina nguvu ni maigizo ya darasani, yanasaidia mtoto kwenye kusoma na kuelewa hadithi. Kwahiyo bando lako tunza, muulize mwanao jioni akuigizie walichosoma leo.

Mimi sitaki mwanangu apige ngoma shuleni, kwetu hatujazoea hayo. Mtamlazimisha? (Mzazi, Ujiji)

Hapana mzee wangu, hakuna haja. Sanaa ni pana, na nyie watu wa Ujiji mna hazina nyingine kabisa, mashairi. Utenzi una mistari minne, kila mmoja mizani nane, yaani mtoto akitunga tayari anahesabu na kukata silabi. Mimi natumia hata kwenye sayansi. Huu nilitunga mwenyewe wa jinsi mmea unavyotengeneza chakula:

Jani lapokea jua
Maji mzizi wavua
Hewa chafu lachukua
Chakula latupatia

Nikajiona malenga haswa. Kijana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono, "mwalimu, kabonidayoksaidi sio chafu, kwa mmea ndo mali." Nikakubali. Mwingine akauliza oksijeni iko wapi maana hapo hamna. Kweli haimo! Nikawapa kazi warekebishe mstari wa tatu na watunge beti ya pili yenye oksijeni, mizani nane bila kuzidi, na neno oksijeni lenyewe linakula mizani nne peke yake. Waliumiza kichwa siku mbili. Wakirudi wananibishia kuhusu mmea wenyewe, nani anaingia nani anatoka, mambo ambayo kwa kunakili ubaoni wasingeyawaza. Mwanao anaweza kukaa hapo bila kugusa ngozi ya ngoma.

Nipo form two, nachora sana kwenye daftari, tichaa ananiambia nacheza. Ila kwa kweli nikichora nakumbuka zaidi. Nani yuko sahihi? (Mwanafunzi)

Inategemea unachora nini mdogo wangu. Kule chuo kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha utafiti mwaka 2016: watu walipewa maneno, mengine wayaandike mengine wayachore, na yale ya kuchora waliyakumbuka zaidi hata kama mchoro wenyewe ni mbovu. Kwahiyo una hoja. Lakini kama tichaa anafundisha moyo na wewe unachora jezi ya Simba, hapo tichaa yuko sahihi. Chora moyo, weka mishale ya damu, halafu funika kitabu uchore tena bila kuangalia. Pale mkono utakaposita ndo hujaelewa, nenda kamuulize. Na kwa sababu nyie mmetoka primary ya Kiswahili mkaangukia kwenye Kingereza ghafla, mchoro unakusaidia kushika jambo kabla hujashika neno lake.

Mwalimu wangu, nilijaribu igizo kwenye historia, wakacheka kipindi kizima wakatoka hawajui kitu. Nimeacha. (Mwalimu, Kibondo)

Usiache bana, na mimi yalinikuta. Niliigizisha mzunguko wa damu, madawati ndo moyo, watoto wanakimbia na madaftari wakiwa ndo oksijeni, kesho yake nikiuliza wanachokumbuka ni nani alidondoka. Nilikosea kitu kimoja, nilimpa kila mtu pa kukimbilia na sikumpa hata mmoja kitu cha kuamua.

Sasa hivi natumia meli ya Liemba, ile kongwe ya Ziwa Tanganyika, wote wanaifahamu. Wajerumani waliitengeneza Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande ikatiwa kwenye maboksi, ikaja kwa meli mpaka Dar halafu kwa reli, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma na kushushwa majini 1915, enzi hizo inaitwa Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji wanakaribia, reli inawaponyoka Wajerumani. Hapo nasimamisha hadithi. Nachagua watano wawe wakubwa wa Kijerumani, nawapa dakika tano tu: mna meli, hamwezi kukimbia nayo, mnaifanyaje? Wanaobaki ni mafundi na vibarua waliotoka jasho kuiunganisha, nao watoe neno lao. Kuna siku kundi moja liliamua kuichoma moto, vibarua wakagoma kabisa. Cheko lilikuwepo ila la kubishana.

Wakimaliza ndo nawaambia ilivyokuwa, kwamba walipaka injini grisi nzito kila mahali halafu wakaizamisha wenyewe taratibu, na mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Kimya kinapita kidogo, halafu lazima atokee mmoja aulize: sasa kama wanaizamisha, grisi ya nini? Simjibu. Nawarudishia wale watano waliokuwa wakubwa.