Maswali ya Wasomaji: Wawili Njiani, Karibu na Mbali

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimeandikwa na watu wa ndoa wanaotaka kusafiri pamoja, na wengi wao wamekwama mahali pamoja: waende wapi, kwa fedha gani na kwa karatasi zipi. Tumechagua nne, tukafupisha pale maneno yaliporefuka.

SWALI: Mimi na mume wangu tumeweka akiba kwa muda mrefu ili tupumzike pamoja kabla mtoto wetu hajaingia sekondari. Yeye anataka twende Dubai. Anasema rafiki zake wameshakwenda, na kwamba kutembea Uganda ni sawa na kukaa nyumbani. Mimi sijayaona maporomoko ya Murchison ila kwenye kalenda. Kila tukilizungumza tunaishia kununiana. Nifanyeje?
Mke wa Mwalimu, Mbale

JIBU: Dada yetu, mume wako hana kosa kutamani ndege, lakini hesabu yake ina kasoro. Mtu anayeishi Mbale na kusema kwamba kutembea Uganda ni kukaa nyumbani, aulizwe kwanza kama amefika Sipi, ambako maporomoko matatu yanashuka kwenye miamba ya Mlima Elgon, lililo refu kuliko yote likikaribia mita 100, na yote hayo ni mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari kutoka mlangoni pake. Wakazi wengi wa mjini hawajafika huko. Wanaofika ni wageni waliobadilisha ndege mara mbili ili wamwone mkulima wa Kapchorwa akitwanga kahawa kwenye kinu, akiikaanga juu ya moto wa kuni, kisha akiwamiminia kikombe.

Ushauri wetu ni kwamba muanze karibu, na si kwa sababu ya fedha peke yake. Safari ya karibu ndiyo itakayowaonyesha ninyi wawili ni wasafiri wa namna gani. Watu huweza kulala chumba kimoja miaka mingi bila kujua ni nani hukasirika chakula kikichelewa, nani hawezi kuondoka kabla jua halijapanda, na nani hufungua mkoba bila kumuuliza mwenzake. Mambo hayo yakijitokeza Masindi, mnaweza kupumzika, mkazungumza, hata mkarudi kwenu. Yakijitokeza Dubai, tiketi ina tarehe yake na hoteli imekwisha kulipwa.

Mkiamua kwenda Murchison, kutoka kwenu piteni Soroti na Lira hadi Karuma, kisha mrudi kwa njia ya Masindi na Kampala, ili msione barabara ileile mara mbili. Panda mashua Paraa, ukae upande wenye kivuli, uache kamera kwa muda. Mashua hupanda mto taratibu kati ya viboko na mamba hadi karibu na mguu wa maporomoko, ambako maji yote ya Naili yamebanwa katika mwanya wa mita 7 hivi kabla ya kuanguka mita 43. Juu ya maporomoko kuna njia ya miguu, na anayeipanda hulowa nguo kwa manyunyu hata wakati wa kiangazi.

Tena mwambie mwalimu kwamba jina hilo la Murchison lilitolewa katika safari ya watu wawili waliokuwa pamoja. Mvumbuzi Mwingereza Samuel Baker na mwenzi wake Florence walipita huko mwaka 1864. Walipokuwa wakivuka mto Kafu, Florence alianguka kwa ukali wa jua, akabebwa kwenye machela siku kadhaa akiwa hana fahamu, na bado tarehe 14 Machi walisimama pamoja mbele ya Ziwa Albert. (Ndoa yao rasmi ilifungwa London mwaka uliofuata, jambo ambalo Malkia Victoria hakulisamehe: Florence hakupokewa kamwe katika kasri lake.) Hatuwaombi mfuate mfano huo. Tunasema tu kwamba ikiwa mwalimu anatafuta safari ya kuwasimulia wenzake, hataikosa kwa kubaki Uganda.

Kuhusu fedha, jambo moja linasahauliwa sana. Raia wa Afrika Mashariki hulipa ada za hifadhi kwa shilingi na kwa bei yake mwenyewe. Kibali cha kuwatembelea sokwe wa milimani (gorila) katika hifadhi ya Bwindi ni shilingi 300,000 kwa raia, ilhali mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola 800. Watu wanane tu ndio wanaokwenda kwa kundi moja la sokwe kwa siku, hukaa nao saa moja, na aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi, kwa hiyo kibali kitafuteni mapema katika Mamlaka ya Wanyamapori, Kamwokya, Kampala, na mtoto abaki kwa bibi yake.

Kisha mkitoka Kampala kurudi nyumbani, basi litasimama Namawojjolo, kwenye soko la kando ya barabara. Kabla halijatulia, wauzaji watakuwa wamelizingira, vijiti vya kuku na ndizi gonja za kuchoma vikisukumwa dirishani, maji na soda juu ya vichwa. Mmoja wenu atataka paja, mwingine atasema kuku huyo ni ghali na chakula kimo kwenye mfuko; dereva atapiga honi, gari litaanza kusogea, na chenji itakuwa bado iko mkononi mwa muuzaji anayekimbia kando ya gari. Angalia mnavyosemezana dakika hiyo. Mkiweza kucheka, anzeni kuulizia tiketi za Dubai, na mwekeeni mwalimu mwezi maalumu wa kwenda, asije akadhani amepewa Murchison ili anyamaze. Mwezi huo uwe kati ya Novemba na Machi, maana Julai na Agosti joto la kule hupita nyuzi 40 na mchana mtaumalizia ndani ya maduka.

SWALI: Tunataka kwenda Mombasa kwa basi, na nafasi ikiruhusu tuendelee hadi Tanga na Zanzibar. Je, vitambulisho vya taifa vinatosha, au ni lazima tuwe na pasipoti?
Mchuuzi na Mkewe, Busia

JIBU: Kwa Kenya vinatosha. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaruhusiwa kuingia nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa, hii ndagamuntu yetu. Tanzania haimo katika mpango huo, kwa hiyo mkitoka Mombasa na kufika mpakani Lunga Lunga mkiwa na vitambulisho tu, safari yenu itaishia hapo. Chukueni pasipoti kila mmoja. Ya kawaida ni shilingi 250,000, hudumu miaka 10, na tangu mwishoni mwa 2018 inayotolewa ni ile ya kielektroniki ya Afrika Mashariki.

Chanjo ya homa ya manjano msiiache hadi siku ya safari. Cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya sindano, na kwa kanuni za afya za kimataifa zinazotumika tangu Julai 2016 kinadumu maisha yote. Kinachowaponza wengi ni kuwa na cheti kimoja, cha mume, wakidhani kinamfunika na mke. Mkifika Nairobi, treni ya kwenda Mombasa iliyoanza mwaka 2017 ni nafuu kwa mgongo kuliko basi, na mchana mtaiona Tsavo kutoka dirishani.

SWALI: Dada yangu anaishi Ubelgiji na alitualika mimi na mke wangu kwenye harusi yake. Tuliomba viza pamoja. Mke wangu amepewa, mimi nimenyimwa, na tiketi tumekwisha kununua. Ndugu zangu wanasema mke hawezi kwenda kwa shemeji bila mume. Na mimi, kusema kweli, naona uchungu. Aende au abaki?
Mume Aliyebaki, Ntinda

JIBU: Bwana, pole. Kwanza isome barua ya kunyimwa, kwa maana wengi huitupa kwa hasira. Ni fomu yenye sababu zilizoorodheshwa, na iliyokuhusu imewekewa alama. Mara nyingi ni kwamba maofisa hawakuridhika kuwa utarudi, au kwamba hawakuona fedha za kutosha. Unayo haki ya kukata rufaa kwa namna iliyoelezwa humo, na pia unaweza kuomba upya, ingawa ada ya euro 90 uliyolipa haitarudishwa na utalipa nyingine.

Kila mtu huamuliwa peke yake, hata mkipeleka bahasha moja. Huenda mkeo ni mwajiriwa mwenye barua ya likizo na mshahara unaopita benki kila mwezi, nawe unafanya biashara ambayo fedha zake hazipiti popote panapoandikwa. Mfanyabiashara anahitaji leseni, karatasi za kodi na taarifa ya benki ya miezi kadhaa inayoonyesha fedha zikiingia na kutoka kwa kawaida yake. Mamilioni yaliyoingizwa kwa mkupuo wiki moja kabla ya kuomba hayamdanganyi ofisa yeyote. Bima ya safari iwe na kima cha angalau euro 30,000. Na ikiwa mlioana kwa mila, mkaishia kwenye kwanjula (sherehe ya utambulisho) na picha, basi karatasi ya kuthibitisha kwamba huyo ni mkeo hamna. Nendeni kwenye ofisi za gombolola mkaiandikishe ndoa hiyo mpewe hati. Dalali akikuambia anaweza kukutengenezea taarifa ya benki, mkimbie. Maombi yako hubaki katika kumbukumbu za nchi zote za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja na Ubelgiji, hadi miaka mitano, na karatasi ya kughushi itakufuata huko kote.

Sasa kuhusu kwenda au kubaki. Ingekuwa ni matembezi ya kuona mji tu, tungekuambia mngoje hadi muende wote, kwani Brussels ipo. Lakini harusi haingoji. Tunaona mkeo aende, na aende kwa niaba yako waziwazi: wewe mwenyewe umpigie simu dada yako, umwambie nani anakuja kusimama mahali pako, uandike maneno yako ya pongezi ayasome ukumbini. Hao ndugu wanaosema mke hafiki kwa wifi yake bila mume wangesema mengine kama familia nzima ingekosa mtu. (Wifi, bwana, si shemeji, uchungu umekupotosha hata hapo.) Tiketi yako uliulize shirika la ndege leo hii, si baada ya siku ya kuondoka, kwani baadhi ya tiketi hurudishiwa kodi za uwanja hata kama nauli imepotea. Siku nyingine wekeni nafasi tu, na nauli mlipe viza zikiwa ndani ya pasipoti.

SWALI: Tulikwenda Zanzibar na mume wangu, tukaweka picha kwenye simu. Kabla hatujarudi, ndugu wa mume walikuwa wameanza kutuma maombi ya karo, mabati na matibabu. Mama mkwe hasemi kitu, lakini salamu zimepoa. Tungefanya nini?
Tumechoka Kabla ya Kupumzika, Kasese

JIBU: Mama, hao wa karo na mabati wangeomba hata bila Zanzibar, picha imewapa tarehe tu. Wajibiwe na mume, kwa sauti moja, na kwa kiasi ambacho mlikuwa mmekipanga hata kabla ya safari. Ukiwajibu wewe, habari itakayoenea ni kwamba mke ndiye aliyeifunga mikono ya kijana wao.

Kimya cha mama mkwe ni jambo jingine. Haombi kitu. Amejua kwa jirani kwamba mwanawe amevuka bahari, na kwa desturi zetu mtoto haondoki mbali bila kuwaaga wazee, hata kama ana ndevu za mvi. Safari ijayo, iwe ya Ziwa Bunyonyi au ya Istanbul, mpite kwake kwanza mkaage, mseme mnakwenda wapi na mnarudi lini. Picha zingoje hadi mmefungua mlango wenu, maana wezi nao wana simu. Kwa hii iliyokwisha kupita, nendeni Jumapili hii wote wawili, mkae hadi chakula kiive, mwonyesheni picha ninyi wenyewe moja baada ya nyingine, na mfuko wa karafuu na mdalasini mliorudi nao mkabidhini yeye kabla wifi zako hawajaufungua.